Kamba Uliyoikataa

Kaka Gasto,

Nimekasirika. Msibani kila mtu alisema ni mipango ya Mungu, na mchungaji akaitikia. Mungu hakukukataza kujifunga kamba.

Kamba ile nilikununulia mimi, Tunduma, kwa wale wanaouza za kufungia mizigo ya malori. Nikakuomba: ukiwa peke yako ziwani, jifunge kiunoni, ncha nyingine mlingotini, iwe fupi usifike majini. Ukacheka mbele ya mkeo Tabu. "Mimi si mbuzi, Salome." Ukaikunja ukaifanya mto wa kulalia!

Sichone, aliyekuwa akivua mbali nawe, alituambia alichokiona. Tanga lilinasa. Ukasimama ukingoni kulinasua, upepo ukageuka, mti wa tanga ukakupiga kifuani, ukatumbukia majini. Ulijua kuogelea kuliko sote tuliokulia Rukwa. Uliufuata mtumbwi wako ukipiga kelele, lakini mtumbwi wenye tanga haumsubiri mtu. Sichone alipiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Hakukukuta. Mtumbwi ulikwama kwenye matete, mzima, samaki wakavu hata hawakulowa. Samaki, kaka! Wao walifika sokoni Mpemba. Wewe...

Tabu alitaka kuuchoma moto mtumbwi huo. Nikamzuia. Sasa nauendesha mimi, ndiyo, mimi uliyeniambia nibaki mezani kuuza samaki. Wanaume wa mwaloni, pale tunaposhushia samaki, wananicheka nikijifunga kamba ile. Wacheke mpaka wachoke.

Juzi, katikati ya ziwa, niliteleza. Miguu juu, kichwa chini, nikajua basi. Kamba ikanikaba kiuno, nikaning'inia ubavuni mwa mtumbwi. Nikajivuta, nikaingia ndani. Bila kamba ile, hata Baba Yetu nisingemaliza kuisali. Nikakaa nikakutukana kwa sauti, peke yangu, huku nalia. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo? Kitu rahisi hivyo ndicho kilichokushinda?

Nakupenda, ndiyo maana sijatulia. Pumzika, kaka. Siwezi kukuahidi kwamba hasira hii itaisha. Ninachokuahidi ni kwamba kila safari nitafika nchi kavu, na Tabu hatasimama tena ufukweni akiuliza kila mtumbwi unaoingia kama umemwona mtu wake.

Mdogo wako,
Salome