Simu Zote, Akaunti Moja

Jumatatu, 4 Machi 2019

Niaje Kasuku! Daftari yangu, rafiki asiyeropoka. Leo biashara imeanza hapa cyber, duka langu la kompyuta! Cloud nimejifundisha mwenyewe kwa simu, sasa hao wa diploma wananiuliza mimi. Huduma ni aina tatu. Moja: unakodi malisho tupu — mashine za watu huko mbali — boma ujenge, mbuzi ulete, uchunge mwenyewe. Mbili: malisho iko na boma na maji tayari, wewe leta mbuzi tu, yaani program yako. Tatu: hufugi chochote. Unaletewa maziwa kwa kikombe, unakunywa, unaenda. Na hapa mtaani Wabera nani anataka kuchunga? Wanataka maziwa!

Kwa hivyo nimekodi nafasi kubwa ya kuweka picha, nagawia wateja. Akaunti moja ya cyber, naingiza kwa simu ya kila mtu. Kila mtu na yake? Password watasahau kesho!

Khadra ameleta simu yake. Anaolewa karibuni, hataki picha zipotee. Amekuja na beshte yake, rafiki wa kufa kuzikana, Kabale, yule anauza maziwa ya ngamia pale stage ya matatu. Kabale akauliza, sasa hiyo password ni ya nani? Na wengine wakiwa nayo? Nikamwambia, sister, wewe uza maziwa, mambo ya computer achia fundi. Cyber yote ilicheka! Hata Khadra. Kabale akavuta mtandio, akatoka. Tamu!

Jumanne, 12 Machi

Wateja wanamiminika. Hata vijana wa bodaboda wa Ngaremara. Mimi ni mtu mkubwa hii town.

Alhamisi, 14 Machi

Apua wa boda ameingia akicheka mpaka anashika tumbo. "Fundi Ewesit, kumbe hii cloud yako inaleta na warembo?" Akanionyesha simu yake. Khadra! Sherehe ya hina, wanawake peke yao — nywele wazi, mabega wazi, anacheza.

Akaunti moja — basi kila simu inaona picha za simu zingine zote. Sikufikiria! Nikamwambia Apua futa, nakuomba. Akasema afute nini, na iko kwa group ya WhatsApp ya boda tangu asubuhi, watu wanamshukuru.

Nimefuta kwa akaunti. Nimetoa simu zote. Safi, hakuna alama. Halafu nimekula chapati mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Upande wa bwana harusi wametuma neno: hawataki tena. Khadra amejifungia, hali chakula.

Na mwenye makosa wameshampata — Kabale! Si ni yeye alipewa simu ya Khadra ampige picha kwa sherehe? Dahir, kaka ya Khadra, amemwaga maziwa yake yote stage, mitungi ikalala kwa vumbi. Akampiga kofi mbele ya watu. Boda wakapiga honi wakicheka, walewale wenye picha. Mmoja akamwambia, mama, lamba basi, usipate hasara.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nimeangalia mpaka ikaisha.

Jumamosi, 16 Machi

Dahir ako hapa na binamu zake wawili. Mlango wamefunga. Salaam aleikum, fundi — kwa heshima kabisa! Simu ya Kabale iko mbele yangu. Wanataka niseme kama ni yeye alituma. "Wewe ndio unajua hizi vitu. Neno lako tunachukua."

Nimewaambia naandika vipimo vya simu, wangoje. Kumbe nakuandikia wewe, Kasuku.

Kabale wamemsimamisha kwa ukuta. Mdomo umefura. Ameongea mara moja tu: muulizeni password ni ya nani.

Dahir akacheka. "Wewe uza maziwa. Mambo ya computer achia fundi."

Maneno yangu! Sasa ni ya town yote. Hata binamu wamecheka. Na mimi — nimecheka pia, mdomo umejifungua wenyewe.

Kabale ameona. Halii. Ananiangalia tu.

Dahir anauliza, fundi, ni yeye ama si yeye? Kasuku, ungekuwa wewe hapa, ungemjibu nini?