Mkate wa Mahindi Uliolala

Mjukuu wangu Thureya, salaam zikufikie huko uliko. Babu yako hajambo, ila goti.

Umeniuliza kama mkate wa kumjazia kuku wa Idi lazima ulale. Lazima. Wa leo hugeuka uji tumboni mwa kuku.

Idi yangu ya kwanza hapa Ibra, kwa kina babu yako, bado bi harusi, niliuanika uani ukauke. Wifi yangu akawapa mbuzi. "Mahindi chakula cha wanyama," akasema mbele ya wageni. Mbuzi hao tukawachinja, na shuwa, nyama yao ya kuoka ardhini, ilipofukuliwa shimoni wote wakaisifu. Mpaka leo sijapoa.

Mwaka wa pili nikauanika palepale, nikakaa pembeni na fimbo.

Mkate wako usiufiche, mwanangu. Na fimbo ile haikuwa ya mbuzi.

Bibi yako