Salamu za Mama Zilizonifikia Ghana

Jumamosi mchana, Morogoro mjini.

Mvua inanyesha tangu asubuhi na milima haionekani kabisa. Humu kwenye duka la intaneti nimechagua kompyuta ya mwisho, ile ya ukutani, ili watu wasisome ninachoandika. Nacheka mwenyewe, maana nikishamaliza nitakibandika hapa kwenye blogu kisomwe na yeyote.

Wale waliokuwa wakinifuatilia nikiwa Ghana watakumbuka nilivyokuwa naandika. Leo tumefundishwa ngoma hii, leo miguu imevimba, leo nimekula samaki wa pilipili mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa.

Mama amefariki.

Alifariki nikiwa huko huko. Katika ukoo mzima, mimi ndiye niliyejua mwisho.

Ngoja niandike kwa utaratibu, labda nitaelewa.

Chuo changu cha Dar kilipotangaza safari ya kwenda Afrika Magharibi kujifunza muziki na ngoma, sikudhani jina langu litatoka. Lilipotoka nilipanda kijijini kwetu Mkuyuni siku hiyo hiyo kumwambia Mama. Nilimkuta gulioni, amekaa katikati ya nguo zake za mitumba, anakunja mashati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yaani serikali inakupandisha ndege ukajifunze kucheza ngoma? Za hapa zimeisha?"

Wanawake wenzake walicheka sana. Mama hakucheka. Alianza kupekua robota, akanitolea koti zito la sufu, la kiume, lenye vifungo vikubwa. "Huko mbali kuna baridi," alisema. Nilimwambia Ghana kuna joto kuliko Dar. Akasema nilichukue hivyo hivyo, joto na baridi vyote anavijua Mungu.

Nikalichukua.

Mama hakuwa na simu. Kaka yangu Shabani anayo, lakini kupiga Ghana kunakula vocha kama moto unavyokula karatasi, kwa hiyo kabla ya kuondoka nilimfungulia anwani ya barua pepe na kumfundisha kuitumia. Shabani hana kazi ya kudumu tangu kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kiuzwe na kufungwa. Siku hizi ananunua mpunga Kisaki na kuuza huku. Kila aliposhuka mjini aliniandikia mistari miwili mitatu, na kila barua iliishia hivi: Mama anakusalimu, anasema ule vizuri.

Nilizisoma salamu hizo mbele ya wenzangu, nikiigiza sauti ya Mama, tukacheka.

Sasa najua kwamba barua tatu za mwisho ziliandikwa Mama akiwa tayari kaburini.

Siku niliyorudi, Shabani hakunipokea peke yake. Alikuja na mjomba, kaka yake Mama. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mzito, hatoki Matombo kuja stendi kupokea mwanafunzi na begi lake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Salama. Mama yuko wapi?"

Mjomba alinishika mkono. Nilimgeukia Shabani, naye akawa anaangalia begi langu.

Nililia pale pale stendi, watu wakipita. Nilipofika Mkuyuni nikakuta hakuna wa kulia naye. Hili ndilo lililonimaliza. Matanga yalishakwisha, mikeka ilisharudishwa kwa wenyewe, sufuria kubwa zimeoshwa. Majirani walikuja kunipa pole kwa sauti ya watu walioanza kuzoea. Walikuwa wameshalia machozi yao wakayamaliza. Mimi nilikuwa naanza, na wao wananiambia nijikaze.

Siwalaumu. Lakini sijawahi kuwa mpweke namna ile, hata kule ugenini ambako sikujua neno moja la lugha yao.

Wiki nzima sikuongea na Shabani. Aliniwekea chakula, nikala, nilipomaliza nikaondoka. Alinisalimia, nikajibu kwa kichwa. Niliwaza jambo moja tu: alikaa kwenye kiti kama hiki nilichokalia sasa, akaandika Mama anakusalimu, anasema ule vizuri.

Jana jioni alikuwa anafunga magunia yake ya kwendea Kisaki. Nikaona akiondoka hivi hivi, tutakuwa tumepoteana. Nikamuuliza nikiwa nimesimama mlangoni.

"Kaka, ulinidanganya kwa nini?"

Aliacha kamba. Alikaa juu ya gunia.

"Mama mwenyewe ndiye aliyesema usiambiwe. Presha ilimpanda gulioni, tukamshusha hospitali. Bado alikuwa anaongea. Akasema, 'Mwanaidi asiambiwe, mwacheni amalize masomo yake.' Nikamwambia Mama, atatulaumu. Akasema, 'Na awalaumu.'"

"Na zile salamu?"

"Zile ni zangu." Alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Mara ya kwanza niliandika ukweli. Nikaandika wote, Mwanaidi. Halafu nikafuta. Nikaona ukisoma peke yako huko, nani atakushika?"

Nilikaa chini, kwenye kizingiti.

Akaniuliza, "Na wewe siku zile ulikuwa unafanya nini?"

Hapo ikabidi nimwambie jambo ambalo sikumwambia mtu, wala hapa sikuliandika. Kuna ngoma ya huko inaitwa adowa. Mwalimu wetu wa pale, Mama Akosua, alisema huwezi kuielewa ukumbini, sharti uione msibani. Akatupeleka kijijini, kwenye msiba wa mzee mmoja mkulima wa kakao. Wenzangu na mimi tulivalishwa vitambaa vyeusi na vyekundu vya kuazima. Watu wamejaa chini ya maturubai, ngoma zinalia, na wafiwa wanacheza polepole, mikono ndiyo inayosema. Ukiweka mikono kichwani unasema umebaki peke yako. Mama Akosua alinisukuma katikati, nikacheza. Binti mkubwa wa marehemu alinyanyuka, akaja akaninyooshea vidole viwili juu ya kichwa, ndivyo wanavyosifia. Kisha akanikumbatia, akanishukuru kwa kutoka mbali kuja kulia naye.

"Nami sikuwa nalia, kaka. Nilikuwa nimefurahi kwamba nimepatia."

"Siku gani hiyo?"

"Jumamosi. Ile kabla ya safari ya Kumasi niliyokuandikia."

Shabani alihesabu kimoyomoyo. "Mama tulimzika Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Jumamosi watu walikuwa bado wanalala matanga hapa. Basi na wewe ulikuwa msibani."

"Lakini sikulia."

"Hata mimi sikulia. Nilikuwa nahangaika na maturubai na mchele. Kila mtu ananiuliza mimi, kila kitu mimi. Mpaka leo sijalia."

Alisema hivyo, kisha akainuka akasema anakwenda kuchota maji. Ndoo aliiacha. Nikamsikia nyuma ya nyumba, mtu mzima, analia kama mtoto aliyechapwa. Nilimfuata. Tulilia pamoja, yeye amechelewa na mimi nimechelewa.

Leo asubuhi nilimsindikiza barabarani, mvua ikiwa imeshaanza. Kabla hajapanda lori alisema, "Bi Tatu ndiye aliyekuwa ameshika kichwa cha Mama alipokata roho. Muulize yeye. Mimi nilikuwa nje natafuta daktari."

Bi Tatu ni jirani yetu, anauza maandazi. Wiki hii yote alikuwa ananiita nikale kwake, nami nilijifanya sisikii, kwa sababu alijua na hakuniambia. Lori lilipoondoka alikuwa amesimama kibarazani. "Mwanangu, karibu ndani," aliita. Nikashindwa kwenda kwake, nikashindwa kurudi kwenye nyumba tupu. Nikapanda gari la kuja mjini.

Nimekaa hapa muda mrefu. Nilifikiri niunganishe moja kwa moja mpaka Dar, chuoni, nikawe na watu. Lakini watu wa chuoni watataka niwasimulie Ghana.

Mvua imepungua. Gari la Mkuyuni bado lipo.

Nataka kujua kama Mama aliumia. Nataka kujua alisema nini wakati daktari anasubiriwa, na kama aliniita. Nitabisha hodi kwa Bi Tatu, nikae chini jikoni kwake, nimwambie: Nimefiwa, mama. Nimekuja unieleze.