Samaki Hawakukosea

Baba yangu,

Nakusalimu kwa Kiha chetu, mwakeye, huko uliko. Barua hii nimeitunga kichwani miaka mingi. Leo naiandika hadharani, maana kuisema mbele ya mama nimeshindwa.

Unakumbuka watu walipoanza kulima nyanya bondeni, kijito kinakotokea kabla ya kufika kwetu Kitanga? Walikuwa wakioshea mabomba ya kunyunyizia dawa ya wadudu kwenye kijito hichohicho tulichochota maji. Wengine walilalamika kwa mwenyekiti wa kijiji, wewe ukachimba kidimbwi nyuma ya nyumba, ukafuga perege. Kila jioni nikishajaza pipa, ulichota maji kidogo ukayatia kwenye beseni pamoja na vifaranga watano wa samaki. Asubuhi ukiwakuta wazima unawasalimia kwa adabu, mama anacheka kwamba umepata wakwe. Halafu unakunywa kikombe kizima, sisi tumesimama tunakuangalia.

"Samaki kwanza, kisha mimi, kisha ninyi."

Wakifa, pipa lilimwagwa, nami nilipanda kilima hadi chemchemi ya ng'ambo. Nilikichukia kile kilima, baba.

Asubuhi ya gulio niliamka kabla yako. Nilitaka kuwahi gari la Kasulu, nikanunue viatu. Nikawakuta wote watano wanaelea, matumbo juu. Nikajiambia ni baridi tu, baridi ya kwetu si unaijua. Nikawafukia chini ya mgomba, nikachota wengine kidimbwini, nikawatia kwenye beseni. Punde ukatoka, ukawaona wanaogelea, ukawasalimia, ukanywa.

Sikufika hata barabarani. Nilisikia yowe la mama, nikarudi mbio. Ulikuwa umelala uani, jasho na povu vinakutoka, ukanishika mkono.

"Mwaga lile pipa, mwanangu. Leo samaki wamekosea."

Nililimwaga. Zahanati hukufika ukiwa hai.

Siku hizi nafanya kazi maabara. Tunatia dawa za mashambani kwenye matangi ya vioo, tunaangalia ni kipimo gani kinaua samaki wadogo. Wenzangu wananisifu kwamba hakuna samaki anayekufa nisimwandike. Sifa hiyo inanichoma.

Mama bado anawasimulia wageni jinsi samaki walivyokukosea. Mimi hukaa pembeni, na wadogo zangu wanaitikia.

Hawakukosea, baba. Walikufa wote watano ili usinywe, na mimi nikawafukia. Jumamosi nakwenda Kitanga kumwambia mama.

Nisamehe ukiweza.

Ni mimi, binti yako, mchota maji