Siku ya Kumi na Saba

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. U hali gani, na mgongo je? Bado unashonea cherehani ya Mama, au umeshaitupa? Mimi hali yangu si nzuri, ndiyo maana nimeshika kalamu baada ya miaka minne ya kimya.

Nina saratani ya damu. Dawa zimeizima mara mbili, na mara mbili imerudi. Daktari anasema kilichobaki ni kupandikizwa: waue kiwanda changu chote cha damu, kisha wanipandie cha mtu mwingine. Mtu huyo lazima afanane nami, na wa kwanza kupimwa ni ndugu wa tumbo moja. Mimi nina ndugu mmoja tu.

Najua uliniandikia barua sita Mama alipokuwa kitandani, na sikujibu hata moja. Sina uso wa kukuomba. Nakuomba hivyo hivyo.

Dada yako


21 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo ni ule ule. Cherehani ni ile ile, nimebadilisha mkanda tu.

Barua yako nilikaa nayo siku tisa kwenye droo ya vifungo. Sitakuficha, nilikasirika. Mama alikuwa akiuliza kila jioni kama umeandika, na mimi nikawa namsomea barua zako nilizotunga mwenyewe. Nilikufanya mtu mwema kuliko ulivyo.

Siku ya kumi nikaenda kutoa damu ya kupima. Majibu yametoka jana, tunafanana kwa kila kitu. Mama angecheka, maana alikuwa akisema mmoja wetu alibadilishwa hospitalini.

Sema wanataka nini.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Hilo la kumsomea Mama sikulijua.

Nimeshaingia chumba cha peke yangu. Kina milango miwili na dirisha lisilofunguka, na wauguzi wanaingia na barakoa na glavu. Tangu juzi hakuna aliyenigusa kwa mkono mtupu. Wageni husimama nje ya kioo cha korido. Mimi sina wageni, kwa hiyo kioo changu ndicho kisafi kuliko vyote.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, unachomwa sindano siku tano ili seli zinazozaa damu zitoke mifupani na kuingia kwenye mishipa, kisha unalazwa, mkono mmoja unatoa damu, mashine inachuja seli, mkono wa pili unarudishiwa damu yako. Mifupa itauma kidogo, lakini kesho yake unatembea. Ya pili, unalazwa kwa dawa ya usingizi na kuchomwa sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, wanavuta uboho wenyewe. Hiyo inaacha maumivu wiki mbili, tatu.

Chagua ya mashine. Wewe unakanyaga cherehani kutwa nzima, nyonga ndiyo kazi yako. Nimeshakuchosha vya kutosha.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole na dawa. Juzi nimetoa walichotaka, nimesharudi dukani. Haikuwa kazi kubwa.

Sare za shule zimenibana, sikuweza kupita kukuona. Siku ya kutoka utahitaji gauni, za zamani zitakupwaya. Nitumie vipimo.

Mdogo wako


31 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Mimi nipo.

Leo ni siku ya kumi na saba tangu wanitundikie ule mfuko wako. Kila asubuhi muuguzi anaandika kwenye ubao wa nje idadi ya chembe nyeupe nilizonazo. Kila asubuhi ni sifuri. Chumba cha pili yuko mzee mmoja, dereva wa lori, sijawahi kumwona, tunagongeana ukuta tu. Tulipandikizwa siku moja, yeye kwa seli za kaka yake zilizochujwa kwa mashine. Siku ya kumi na mbili zake zikaonekana. Aligonga ukuta asubuhi nzima mpaka wakamkataza.

Daktari akija namwambia naendelea vizuri. Kumwuliza siwezi, naogopa atanijibu.

Nadhani damu yako imenikataa, na siilaumu. Acha nikwambie kabla sijachelewa. Ile barua yako ya sita niliipandia basi. Nilifika mpaka mlangoni kwenu. Nilimwona Mama kupitia upenyo wa pazia, amekonda, mdomo wazi, nikageuka nikarudi kituoni. Sina sababu nyingine, niliogopa.

Gauni usishone. Ila nitajie jambo moja: kwenye zile barua, nilikuwa nasema nini?

Dada yako


3 Aprili

Dada,

Shikamoo ya haraka haraka. Mwulize daktari leo hii. Usingoje kesho.

Sikutoa kwa mashine. Nimetoa uboho wa nyonga, pande zote mbili, na mpaka leo nakalia mto. Nilidhani walikuambia. Daktari alinieleza kwamba za mashine hushika upesi, lakini baadaye zina tabia zaidi ya kumgeukia mwenyeji, zikamla ngozi na ini miaka na miaka. Za uboho huchelewa, hata wiki tatu, nne, ila zikishika huwa na upole zaidi. Akasema zote mbili zinafaa, nichague. Nikachagua za kukaa nawe muda mrefu. Sikukuandikia kwa sababu bado nilikuwa na hasira, na sikutaka unishukuru.

Lingine. Nilidanganya habari ya sare. Kabla ya kuondoka nilipanda mpaka kwenye kioo chako, nimeshika ukuta kama mzee. Ulikuwa umelala, huna unywele hata mmoja, sura ni ya Mama mtupu. Nikageuka. Nimekununia miaka minne kwa kitu ambacho mimi nilikifanya kwa dakika mbili.

Kwenye zile barua ulikuwa unasema habari za kazini, mvua, jirani yako mwenye kelele. Mwisho ulikuwa mmoja siku zote: "Mama, ninakuja."

Nitumie vipimo.

Mdogo wako


8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyonga inaendeleaje? Usikanyage cherehani mpaka ipone, nakuamuru kama mkubwa wako.

Nilimwuliza daktari. Alishangaa. Anasema alinieleza yote kabla ya kupandikizwa, na nikasaini. Kumbe siku hiyo nilikuwa natapika, nikasaini bila kusikia neno. Siku kumi na saba nilihesabu siku za dereva, si zangu.

Jana asubuhi ubao ulibadilika. Namba yenyewe ni ndogo, lakini si sifuri. Niligonga ukuta kwa ngumi zote mbili, hakuna aliyejibu. Mzee ameshaenda nyumbani. Nikakaa kitandani na habari njema bila mtu wa kumpa, nikalia kwa sauti. Kisha nikakumbuka kwamba wewe upo.

Wanasema zikiendelea kupanda, wiki mbili nitatoka, na mtu aliyenawa vizuri ataruhusiwa kunishika.

Vipimo sitakutumia. Fundi gani anashona mtu asiyempima? Njoo na utepe wako. Ukifika kwenye kioo nitakuwa nimekaa macho, nakutazama, kwa hiyo usigeuke.

Dada yako