Kisahani Kisicho na Mkubwa

Jumamosi, asubuhi. Mvua imekatika alfajiri na uwanja mzima unanuka karafuu mbichi na udongo. Mama anatandaza upya majamvi aliyoyaingiza ndani jana kwa haraka. Mimi nimekaa barazani na laptopu ya skuli mapajani, mguu unaniuma kwa kupanda na kushuka ngazi. Moyo umetulia, ila haujatulia wote.

Jana mdogo wangu Zuwena kaolewa, alhamdulillahi. Lakini nataka kuandika habari za kisahani, kwa sababu tangu Jumatano hakijanitoka kichwani.

Walii wa Zuwena, mwenye haki ya kumuoza, ni baba, na baba yuko Maskati tangu mimi nikiwa darasa la pili. Safari hii hakuweza kuja. Amelazwa hospitali na kesho Jumapili anapasuliwa moyo. Siku madaktari walipomwambia, alimpigia mama, na la kwanza alilolisema halikuwa la moyo wake. Alisema anataka kumuoza mwanawe kabla hajalala kwenye kile kitanda. Basi harusi tuliyoipanga kwa baada ya Ramadhani ikavutwa mpaka Ijumaa hii.

Shehe Makame, ambaye ndiye anayetuozeshea watu hapa Wingwi, hakuwa na neno juu ya baba kumuwakilisha, yaani kumfanya yeye wakili wake wa kuozesha, kutoka mbali. Alikuwa na sharti moja tu.

"Sauti siku hizi yaigizwa, mwanangu. Mie nataka nimuone uso, na mashahidi wamuone, anambie kwa kinywa chake."

Sasa nyumba yetu imo bondeni. Simu ya kawaida unaipata ukisimama kwenye ngazi ya nje na kunyoosha shingo kama jogoo, na picha haipiti kabisa. Ami Faki, mdogo wake baba, amefunga antena juu ya paa, na waya wake unashuka hadi kwenye ruta ya laini ya simu iliyomo chumbani kwake. Ruta inashika mtandao vizuri, ila waifai yake iliungua kwa radi ya masika. Siku hizi inatoa mtandao kwa waya tu. Na laptopu hii ya skuli, kamera yake ilikufa kabla sijaajiriwa. Kwa hiyo tulihitaji kitu cha kuuchukua ule mtandao wa waya na kuumwaga hewani, simu ya Shehe iupate.

Aliyeleta jawabu ni bwana harusi mwenyewe. Hamad ni fundi umeme wa Makangale, na hoteli aliyokuwa akifanyia kazi ilipofungwa aliondoka na baadhi ya vifaa vilivyogaiwa. Akatuletea kidude cheupe cha kufungwa darini, mfano wa kisahani cha kikombe, ila kikubwa kidogo. Alisema kule vilikuwa vingi, vyote vikitumwa na mashine moja ya ofisini, na mashine yenyewe hajui imekwenda wapi.

Mimi nasomesha fizikia, sisomeshi mitandao. Lakini nina ugonjwa mmoja: kitu nisichokijua kikiwa mbele yangu, hata wali haupiti.

Nikakichomeka. Taa ikawaka njano, ikazima, ikawaka, ikazima. Nikangoja. Ikaendelea hivyo hivyo mpaka chai yangu ikapoa. Nikaenda kusimama kwenye ngazi na simu, nikasoma kwa vipande vipande kila mtandao uliponihurumia, na mwisho nikaelewa kuwa kilikuwa kinamtafuta mkubwa wake. Vifaa vya namna hii vikiwekwa chini ya kidhibiti, kidhibiti ndicho kinachovipa kila kitu: jina la mtandao, neno la siri, saa ya kuwaka, saa ya kuzima. Mkubwa akiondoka bila kuaga, vyenyewe vinabaki kuita. Vitaita mpaka Kiyama, havitachoka.

Mama alipita na ungo, akaiona ile taa.

"Kino chalia nini?"

"Chamtafuta mkubwa wake, mama."

Akakitazama kwa huruma. "Maskini. Kama nyumba hino."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ni kweli. Bati la paa hili liliamuliwa Maskati. Ng'ombe aliuzwa kwa simu. Hata mlango wa mbele ulipakwa rangi ya kahawia kwa kuwa baba alisema kahawia, na mama tangu zamani anataka kijani. Hakuna aliyelazimishwa. Tumezoea tu kuita na kusubiri jibu.

Lakini kisahani kina tabia ya pili, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Kinaweza kuambiwa kisimame peke yake, bila kidhibiti. Maelezo yake ni ya Kiingereza, neno la Kiswahili nikalitafuta mwenyewe: kujitegemea. Nilitaka sana kujua kinabaki na nini mkubwa wake akishaondoka. Kumbe kinabaki na karibu kila kitu. Redio ya kurushia mtandao ni yake, mlango wa kuingilia ni wake, hata akili ya kutunza neno la siri kinayo chenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kukiambia.

Alhamisi nilivua pini ya mtandio wangu nikaichomeka kwenye kitundu kidogo kilichopo ubavuni, nikaibana mpaka taa ikabadilika. Hapo kikaisahau hoteli. Nikakiunga na laptopu kwa waya, nikaipa laptopu anwani ya mtandao ya ukoo mmoja na ya kisahani, maana wasipokuwa wa ukoo mmoja hawaitikiani. Ukurasa wake wa mipangilio ukafunguka. Nikachagua kujitegemea. Nikakipa jina, Harusi ya Zuwena, na neno la siri. Kazi ya kuzigawia simu anwani nikaiacha kwa ruta, kwa sababu wagawaji wawili kwenye shughuli moja ni ugomvi. Kisha nikakirudisha kwenye waya wa ruta na Hamad akakifunga juu ya mlango wa baraza.

Taa ikawa buluu. Ikatulia.

Alasiri ile ile tulimpigia baba kwa picha, tukamuona kitandani na shuka la hospitali. Nikamuelezea kazi yangu yote kwa majivuno.

"Na hicho kidude nani anakiongoza?" akauliza.

"Hakuna, baba. Chajiongoza."

Akasema, "Ajabu."

Ami Faki naye alikuwa na hesabu zake. Alisema kisahani kikiachwa wazi, vijana watalimaliza bando kwa kutazama mpira kabla Shehe hajatia udhu. Nikamwambia asijali, ukurasa una mahali pa ratiba, naweza kukiamrisha kiwake saa fulani na kizime saa fulani. Wageni wangekuja baada ya alasiri. Nikachagua kianze tisa, kiishe kumi na mbili. Saa kumi na mbili ilikuwa imeshapita, karibu na magharibi, na nilipobonyeza tu, mtandao ukazima. Nikasema naam, kinatii.

Hapo nikajiona mtaalamu.

Jana asubuhi niliwaona vijana wamejipanga kwenye ukuta wetu, kila mmoja na simu yake, wakicheka. Nikadhani wamekuja mapema kufunga turubai. Nikawapelekea chai na mandazi, na nikawaombea dua kwa moyo wao wa kusaidia. Neno la siri Ami Faki alishalitangaza barazani tangu Alhamisi, kwa ukarimu tu.

Baada ya alasiri wanaume wakakaa. Shehe Makame juu ya mkeka, Hamad mbele yake na kanzu mpya, simu imewekwa juu ya mto. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia. Ami Faki akaja kwenye pazia akaninong'oneza.

"Mwalimu, hamna kitu."

Nikatazama simu yangu. Harusi ya Zuwena haikuwepo hewani. Nikaenda kwenye ruta nikavuta waya, nikausukuma, nikautoa nikaurudisha. Nikafikiri mvua iliyoanza muda ule imekiingia. Nikafikiri kimeungua. Baba alikuwa ametuambia kuwa wauguzi watamchukua jioni kwa vipimo na baada ya hapo hataachiwa simu tena mpaka operesheni ipite. Zuwena alikuwa amekaa kitandani na hina haijakauka, mikono ameinyanyua, hawezi kushika chochote. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Dada, baba yupo?"

Nikamwambia yupo. Sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

Nikatoka kwenye ngazi, mvua inaninyeshea, nikampigia kwa simu ya kawaida. Ilikuwa inakwaruza lakini nilimsikia.

"Baba, subiri kidogo. Mtandao umezima na sijui kwa nini. Niliupanga uwake saa tisa mpaka saa kumi na mbili, na sasa ni saa kumi."

Nikasikia mkwaruzo mtupu. Nilidhani simu imekatika. Kumbe alikuwa anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

"Saa tisa ipi, mwanangu? Yetu au yao?"

Nilisimama pale mvuani kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mara ya kwanza. Kisahani kinahesabu kuanzia usiku wa manane, kama wanavyohesabu Maskati. Tisa yake ni saa tatu yetu asubuhi. Kilikuwa kimewaka tangu saa tatu mpaka adhuhuri, kwa uaminifu wote, kikiwahudumia vijana wangu wa ukutani, na kwenye adhuhuri kikazima kama nilivyokiamrisha. Mwalimu wa fizikia!

"Mie kuno walinambia saba, siku yangu ya kwanza ya kazi," baba akasema. "Nikenda saa saba. Nliwakuta watu washakula cha mchana. Haya, nenda katengeneze."

Nikakimbilia chumbani kwa Ami Faki, nikaunga laptopu na ruta kwa waya, nikafungua ukurasa. Sikurekebisha ratiba. Niliifuta yote, mtandao ukarudi. Kutoka barazani nikasikia wanaume wakisema "Haa!" kwa pamoja, kisha sauti ya Shehe ikitoa salamu.

Nyuma ya pazia nilisikia yaliyobaki. Shehe akawauliza mashahidi kama wanamjua huyu wanayemuona. Mmoja wao, aliyekua pamoja na baba, akasema, "Namjua. Lakini kakonda." Kisha baba akasema, pole pole, kila neno limesimama mahali pake: "Shehe Makame, nimekuwakilisha umuozeshe mwanangu Zuwena kwa Hamad." Na Shehe akasema amekubali. Mama alikuwa amenishika mkono na aliuminya mpaka vidole vikaniuma.

Nimelala nikilifikiria hili. Kisahani nilikisimamisha bila mkubwa wake, na kinafanya kazi. Zuwena bila walii asingeolewa, na wala sikutaka iwe vingine. Mbona mambo haya mawili hayagombani kichwani mwangu? Labda kwa sababu kisahani ilinibidi nikisahaulishe hoteli kwanza, kwa pini. Baba hakutaka mtu asahau chochote. Alitamka tu, kwa hiari yake, na kazi ikahamia kwa mwingine. Sijui. Ningependa kumuuliza Shehe, lakini najua atacheka kwanza.

Baadaye simu ililetwa ndani. Baba akamtazama Zuwena, akamuomba amuoneshe hina. Kisha akamwambia mama kuwa kwa siku hizi mambo ya nyumba tuulizane wenyewe, tusimpigie yeye. Mama akasema, "Tutaulizana."

Kabla hajakata alisema, "Jumapili naingia saa tatu. Mniombee." Sote tukasema amina. Muuguzi akaonekana nyuma yake na picha ikaondoka.

Asubuhi hii mama amemuita Ami Faki akamwambia akienda Wete alete rangi ya mlango. Kijani. Ami Faki, kwa kutafuta pa kuhamishia maneno, akaniambia mimi basi nirudishe ile ratiba, vijana washaanza kukusanyika ukutani.

Nikafungua ukurasa ili niirudishe. Nikaenda kwenye mahali pa saa, namba zikashuka, moja, mbili, tatu, na kidole changu kikagoma pale pale.

Saa tatu ipi?

Alisema nasi kwa Kiswahili, kwa hiyo huenda ni saa tatu yetu, ya asubuhi. Lakini ameishi kule miaka mingi, na saa zile ni za hospitali yao, huenda ni tatu yao, yaani tisa yetu alasiri. Jana alinicheka kwa swali hili hili, na mimi mjinga nikaitikia amina bila kuliuliza. Sasa simu hanayo.

Nimemwambia mama. Ameendelea kupindua karafuu kwa mkono, kwa muda mrefu, kama anayezihesabu.

"Basi twamuombea zote mbili," akasema.

Ratiba nimeiacha tupu. Kesho kisahani kitawaka kutwa nzima, vijana walile bando mpaka washibe, na mimi nitakuwa hapa barazani chini ya ile taa ya buluu, nikimngoja mtu aliyetuambia tusimpigie.