Subilaga, Wanga Haukuwa Adui Yako

Subilaga, mwenzangu,

Mvua ya leo imeanza asubuhi na haina nia ya kwisha. Wateja hawaji, cherehani imenyamaza, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Ningekuwa na habari ya kupendeza ningeanza nayo. Sina. Nina hasira, na wewe ndiye mtu pekee niliyezoea kumletea hasira zangu zikiwa bado za moto.

Mwanao Tumpe ameacha kula ndizi.

Najua hapo umekaa wima huko uliko. Alikuja jana kutoka Mbeya anakofanya kazi, ameleta kitambaa nimshonee gauni la sendofu yake, siku ya kumuaga kabla ya harusi. Nikampikia ndizi na nyama, zile mbalaga laini kama ulivyokuwa ukimpikia wewe. Akaokota nyama, ndizi akaziacha zipoe kwenye sahani, akaniambia, "Mama mdogo, mimi siku hizi situmii wanga." Situmii! Kama mtu anayekaribishwa sigara. Na sura ilikuwa ile ile yako, kidevu juu, jicho likimkwepa mpishi. Nikainuka nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Wenzake wa ofisini ndio wamemfundisha. Wewe ulifundishwa na yule bwana wa mkoba, na mpaka leo nikimkumbuka natamani kutema mate. Ilikuwa ile miaka kila kitu kilipoanza kumiminika Tukuyu: redio mpya, mitumba mpaka ya chupi, sabuni za kuchubua, na watu waliojiita wataalamu. Zamani, enzi za foleni ya sukari, hakuna aliyehitaji mwalimu wa kukonda. Maduka yalipojaa tu, wakaja wa kutuuzia njaa.

Alikodi ukumbi, akasimama mbele yetu na suti ya kijivu yenye mabega ya mtu mwingine. Mimi fundi, naliona hilo kabla ya sura. Akasema, "Adui wa mwili ni wanga." Akataja ugali, viazi, magimbi, wali, na ndizi. Mtu ametoka Dar es Salaam, amepanda mpaka huku juu akipita migomba kushoto na kulia, na ujumbe aliotuletea ni kwamba tumezungukwa. Mimi nilicheka mpaka ukanifinya paja. Wewe ulikuwa unasikiliza kama siku ya mahubiri, mwalimu mzima wa shule, unayewaambia watoto wasiamini kila wanaloambiwa.

Akaahidi kwamba mafuta yakishaondoka hayarudi. Wewe ukalimeza hilo zima zima, ndilo pekee ulilomeza bila kuuliza lina wanga kiasi gani.

Basi ukaanza. Asubuhi mayai, mchana nyama, jioni mboga za majani na parachichi. Migomba yako ya Ibighi ikaivisha mikungu, ndege wakala, majirani wakala, wewe ukaitazama dirishani. Na kweli, nisikudhulumu, ulipungua. Ulipungua haraka mpaka mimi mwenyewe nikashangaa. Ukaja kibandani kwangu, hapa mtaani Bagamoyo, Tukuyu, unazunguka mbele ya kioo, unashika kiuno, unasema, "Si nilikwambia?"

Halafu ukaenda na dayati yako msibani. Hilo sitalisahau. Tulikwenda Lupepo kumzika mama mkwe wa mwalimu mwenzako. Wanawake tumekaa chini, sinia katikati, ndizi zimepikwa na nyama ya ng'ombe wa msiba, vipande vichache vimepangwa juu ili kila mmoja apate chake. Mkono wako ukaenda kwenye nyama. Ukarudi kwenye nyama. Ndizi hukugusa hata moja. Nilikukanyaga mguu, ukanitazama kama sikuelimika. Ndipo yule mama wa kitenge cha bluu akasema taratibu, "Mwalimu, nyama nayo tumeletewa wote." Ukaanza kumweleza habari za wanga. Msibani, Subilaga! Kwa watu waliochimba kaburi tangu alfajiri! Wakakujibu "ndaga fijo", shukrani nyingi, kwa sauti ile ya kumshukuru mtu ili anyamaze. Mpaka tunaondoka, Lupepo nzima ilijua kuna mwalimu wa mjini amefuata nyama kwenye kilio cha watu.

Na mji wetu huu nao, usidhani nitausamehe. Uliponenepa walikuita tangi. Ulipokonda wakaanza kunong'ona kwamba umeshaupata ule ugonjwa, kwamba mwalimu hana siku nyingi. Walikuja kwako na maziwa ya mgando na nyuso za kuaga. Wale wale! Wewe ukadhani wamekuja kukupongeza.

Daktari wa hapa alikwambia ukweli, nami nilikuwepo. Hakukukataza. Alisema mwanzoni mtu hupoteza maji mengi ndiyo maana mizani inamfurahisha, na kwamba kupunguza wanga kunapunguza mwili kama kunavyopunguza kula kidogo kwa namna nyingine yoyote. Kisha akakuuliza, "Swali ni hili, Mwalimu, utakula hivi mpaka lini?" Ukamjibu, "Mpaka nikonde." Akakutazama, akarudi kwenye karatasi zake. Nilimwonea huruma yule kijana. Alikuwa amekupa jibu lote, wewe ukalisikia kama salamu.

Hakuna aliyekuuliza utakula nini mahindi mabichi yakitoka. Utakula nini kwa wakwe, kanisani siku ya mavuno, jioni ya baridi wakati nyumba nzima inanukia viazi vya kuchoma. Dayati yako ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na ndugu.

Lakini lililoniuma mimi ni la kazi yangu. Unajua nguo zangu zote huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, maana mwili wa mtu haujaweka sahihi popote. Ulileta magauni yako yote niyabane. Nikayabana, nikaikunja akiba ndani kama kawaida. Ukapitisha kidole, ukaigusa, ukakasirika. "Kata," ukasema. "Huko sirudi." Nikakwambia nguo haina haraka. "Kata, au nampelekea fundi mwingine." Nikakata. Vipande vile vilijaa kapu.

Ukaanza na ndizi moja, ya kuonja. Nani angekulaumu? Ilikuwa ndizi, si bangi. Baadaye ukala kama mtu aliyetoka kifungoni, na mwili ukarudi wote, na mwingine ukaja nao kuusindikiza. Siku ya Pasaka ukalazimisha lile gauni la zambarau, ukasimama kusoma somo, na zipu ikafumuka mgongoni kanisa zima likiwa kimya. Nilikufunika na kitenge changu. Hukuja tena kanisani kwa muda mrefu. Mchungaji alidhani una tatizo la imani.

Mkoba wake yule bwana sasa umejaa mambo ya kufuga kware. Amerudi mwaka huu, tumbo linamtangulia mlangoni. Nilimuuliza kuhusu adui wa mwili. Akanijibu, "Mama, utafiti unasonga mbele." Mshenzi.

Sisemi dayati ndiyo iliyokuua. Wapo waliosema hivyo matangani, na wapo waliosema ni unene, wote midomo imejaa ndizi zako. Ulikuwa na presha, ukapata kiharusi, basi. Ila ndugu zako walichagua picha ya ile miezi uliyokonda, wakaiweka juu ya jeneza. Wanafunzi wako wa zamani walipita, wakaitazama, na mmoja akaniuliza, "Samahani, huyu ni nani?" Hapo ndipo nilipolia, Subi. Tangu uanguke nilikuwa sijalia.

Sasa Tumpe. Ana presha inayonyemelea kama yako, na nimemwambia apunguze, ndiyo, atembee, apakue kidogo, atafute ulaji atakaouweza hata akiwa bibi. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha nilipompima akanishika mkono uliokuwa na futi: "Mama mdogo, usishone hii saizi. Bana zaidi. Mpaka siku yenyewe nitakuwa nimefika." Anataka niushonee mwili ambao haujazaliwa. Mbele ya ukoo mzima, mbele ya wakwe, akiwa amesimama peke yake katikati ya ukumbi. Nikamjibu, "Tutaona," akaondoka ameridhika.

Kitambaa kipo mezani hapa. Ni rangi ya maziwa, kizuri, kizito, ungekipenda. Mvua ikikatika kidogo nipate mwanga, nakikata, na nakikata kwa kipimo cha yule msichana aliyesimama mbele yangu jana. Nakuahidi hivyo. Siku hiyo mwanao atakaa, ataimba, atapiga magoti kwa wazee na kuinuka, na hakuna mtu atakayemfunika na kitenge.

Pumzika, mwenzangu. Kaburi lako nimelipalilia, na majani ya chai jirani nalo yamestawi.

Tumpe atakapolivaa gauni atajua nimemdanganya, na ataninunia. Wewe ulininunia wiki kadhaa kwa sababu nilicheka ukumbini, ukapita mbele ya kibanda changu umegeuza shingo, na mimi nikawa naangalia saa yako ya kutoka shule ili nisikukose ukinipita. Na aninunie. Ningetoa chochote leo, Subilaga, upite tena hapo barabarani umeninunia.